Kipimo cha Mpwa wa Katibu

Saa tatu asubuhi, na fundi Malkit Kaur ameshusha pazia la duka lake na kutia komeo mlangoni. Wateja wawili wamegonga, wameambiwa warudi mchana. Ndani, baiskeli ya mashindano imesimamishwa katikati ya magunia mawili ya vipande vya vitambaa, na juu yake ameketi Ravneet, msichana wa miaka kumi na saba, ameinama mpaka kifua kinakaribia usukani.

Malkit ana pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Anaishika futi kwenye shingo ya msichana, anaishusha mgongoni, anaipitisha kiunoni mpaka kwenye kiti cha baiskeli. Anaguna, kisha anatemea pini kiganjani.

"Pumua, mwanangu. Umejibana tumbo kama unapigwa picha ya posa."

"Nimezoea, shangazi."

"Basi zoea kupumua. Mzunguko wa mwisho utauendesha huku umejibana hivyo?"

Kwenye kigoda karibu na mlango ameketi Sharanjit, mama yake Ravneet, amekumbatia mtandio wake. Amekuja kulinda. Hapendi anachokiona, wala hafichi.

"Dada Malkit, miaka yote hii umenishonea suti, hujawahi kunigusa hata kiuno."

"Suti zako zilivyo pana, hata nguzo ya umeme ingevaa, dada."

Sharanjit anataka kununa, lakini kicheko kinamtangulia. Kisha anakumbuka kilichomleta na kukaza uso tena.

Jumapili ya wiki ijayo binti yake atawania nafasi moja kati ya tatu katika hosteli ya michezo ya jimbo. Akiipata, atapata kitanda, shule, maziwa na mayai ya kila siku, na baiskeli isiyo ya kuazima. Akiikosa, mama yake anasema bila kupindisha, ataingia kiwandani kukata nyuzi kama dada zake wawili.

Alishaikosa mara moja, mwezi Machi, na kilichomkosesha ni bukta. Ndiyo maana Malkit ana hasira. Mwandishi wa makala haya alikwenda dukani kwake bila hasira yoyote, akiwa na daftari na hamu ya chai, akatoka na hasira hiyo.

Malkit ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Duka lake liko Shimlapuri, mtaa wa mji wa Ludhiana katika jimbo la Punjab, kwenye uchochoro ambao kila nyumba ya pili ina cherehani inayolia. Mumewe ni dereva wa kirikuu cha mizigo. Wana wake wamekwisha kuoa na kuhama. Anakula chapati ya figili na achari akiwa amesimama, anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na hana subira na mtu anayeanza sentensi kwa "mwili wangu huu una matatizo."

"Mwili wako hauna matatizo," huwaambia. "Nipe hiyo suruali nione nani ana matatizo."

Ludhiana ni mji wa baiskeli na nguo za kufuma. Vyote viwili hutoka hapa kwa malori, usiku na mchana, kwenda kwa watu wa mbali. Ungetegemea kwamba katika mji huu, kama si popote pengine duniani, baiskeli na nguo vingekutana vizuri kwenye mwili wa mwanamke. Havijakutana, na wenye viwanda hawaonekani kukosa usingizi kwa sababu hiyo.

Malkit anatandaza suruali tatu mezani, moja juu ya nyingine. Zote ni mpya. Zote zimeandikwa L. Ya chini inaizidi ya juu kwa upana wa kiganja.

"Hii imemwingia mtoto wa darasa la sita," anasema. "Hii ni ya mwalimu, ilimgomea kwenye paja. Na hii ya tatu tungeingia mimi na mume wangu, na sahani ya chai ikapata pa kukaa."

Anazikunja kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Wanakuja hapa wananiambia, shangazi, nimenenepa. Nawauliza, umenenepa saa ngapi? Duka la kwanza ulivaa M saa nne. Duka la pili XL saa tano. Katikati hapo ulikula nini, tembo?"

Kwa kurekebisha suruali moja anatoza rupia themanini, na kwa suti nzima, yaani kanzu na suruali yake pana, mia nne. Mwezi mzuri humwingizia kama elfu kumi na nne, na mwezi mzuri ni mwezi wa harusi. Lakini karibu nusu ya kipato chake inatokana na nguo mpya ambazo bado zina lebo, zilizoletwa na wanawake walioona aibu kuzirudisha dukani.

"Nakula kwa makosa yao," anasema, "na bado nawatukana."

Kuna sababu anayajua makosa hayo. Kabla ya kufungua duka alikaa kwenye cherehani ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, miaka kumi na minane, katika kiwanda ambacho hataki kitajwe kwa kuwa wifi yake bado yuko pale. Kitambaa cha kufuma, anaeleza, hutoka kwenye mashine kikiwa kimevutwa. Kinatakiwa kufunguliwa na kuachwa kilale usiku mzima, kijirudi chenyewe, ndipo kikatwe.

"Lakini mwenye oda anapiga simu, lori liko mlangoni. Kinakatwa kikiwa kimevutwa vilevile. Mama wa watu anakinunua, anakifua mara moja, L inakuwa M. Yeye anadhani ni maandazi."

Na lebo je?

"Lebo za L zikiisha, msimamizi anasema tia XL, wanawake wanapenda nafasi. Za XL zikiisha, anasema tia M, wanawake wanapenda kusifiwa." Anakata uzi kwa meno. "Hakuna siku alisema subirini lebo zije."

Hayo ni ya madukani. Ya Ravneet ni mabaya zaidi, kwa sababu yalifanywa na watu wanaomfahamu.

Wanawake wa hapa hawapimwi. Ukitaka suti mpya, unampelekea fundi suti ya zamani iliyokukaa vizuri, naye anailaza juu ya kitambaa na kukata. Inaitwa suti ya kipimo. Fundi mwanamume hapati sababu ya kukugusa, na wewe hupati sababu ya kuulizwa nyumbani umeguswa wapi. Kila nyumba inayo, imekunjwa chini kabisa ya sanduku. Nyingine ilikuwa ya mama, ikawa ya dada mkubwa, na bado inakwenda kwa fundi kwa niaba ya mdogo. Kwa suti, utaratibu huu haumdhuru mtu. Suti ni pana, inasamehe.

Bukta ya baiskeli haisamehi. Inakaa kwenye ngozi, na mwenye kuivaa hasimami wima. Ameinama, mgongo umerefuka na mapaja hayatulii. Hakuna suti ya kipimo inayojua mwili ukiwa hivyo.

Mwaka jana klabu ya baiskeli ambayo Ravneet ni mwanachama wake ilipata mfadhili wa sare. Kiwanda kikaomba kipimo cha wavulana na kipimo cha wasichana. Kamati ya klabu, wanaume watupu, ikakaa kulijadili hilo jambo la pili. Kupeleka bukta ya msichana kiwandani kulionekana kuwa aibu kubwa. Ingepita mikononi mwa wakataji wa kiume. Ingetundikwa msumarini, watu wakaiangalia. Baba wa msichana angesema nini?

Basi katibu, Bwana Tarlochan Singh, akapata suluhisho lililomlindia kila mtu heshima. Akapeleka bukta ya mpwa wake, kijana wa miaka kumi na mitano, mwembamba kama fito. Kwa kipimo cha kijana huyo zikashonwa sare zote za wasichana, zikatiwa lebo za kike, na ubavuni ukapitishwa mstari wa rangi ya waridi.

"Waridi walilikumbuka," anasema Malkit. "Makalio wakayasahau."

Hakuna msichana aliyeulizwa. Wasichana wenyewe, kwa malezi yao, hawakusema. Kila mmoja alivaa, akabanwa, akadhani ni yeye tu.

Mwezi Machi Ravneet aliingia uwanjani na sare hiyo. Mpira wa bukta ulimkata mapaja. Sponji ya kukalia ilikuwa imewekwa mahali inapomfaa mvulana, kwa hiyo yeye ilimkalia mbele bure na nyuma akakaa mtupu. Jezi ilikuwa fupi, na kila alipoinama ilimpanda mgongoni.

"Nilikuwa naivuta," anasema Ravneet. Huongea kidogo na huangalia chini akiongea. "Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unavuta jezi. Wajomba zangu walikuwa jukwaani. Nilikuwa nafikiria mgongo tu. Sikuwa nafikiria baiskeli."

Alimaliza wa nne, nyuma ya wa tatu kwa gurudumu moja. Wanachukuliwa watatu. Siku ile katibu alimwambia mama yake kwamba mtoto apewe samli zaidi, hana nguvu.

Samli. Mwandishi ameliandika neno hilo daftarini na kulipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka.

Sharanjit hakuleta malalamiko kwa Malkit. Alileta bukta. Alitaka mshono ufunguliwe, iongezwe kidogo, kama inavyofanywa kwa suti. Malkit akaigeuza ndani nje na kukuta hakuna hata uzi wa kuongeza. Ndipo akaamua kushona mpya, na hapo naye akakosea.

Kosa lake halingeweza kufanywa na fundi wa mahali pengine. Fundi wa Punjab huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, ili suti ifunguliwe msichana akiolewa, ifunguliwe tena akizaa. Mama wa hapa hupokea suti, huigeuza na kutafuta ziada hiyo kabla hajaangalia kitu kingine. Fundi asiyeiacha anaitwa mwizi wa kitambaa. Malkit amekuwa akiiacha tangu akiwa msichana, na mikono yake iliiacha pia kwenye bukta ya baiskeli.

Ravneet aliivaa, akaenda Sahnewal kufanya mazoezi. Alirudi kwa miguu, anaisukuma baiskeli.

"Nilimshonea kamba kwenye nyama," anasema Malkit. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake imeshuka. "Mtoto alikuwa na damu, na hakusema ni bukta. Alisema, shangazi, labda mimi ngozi yangu ni mbaya. Nilijitukana. Nimekulia karibu na stendi ya malori, matusi ninayajua, na siku ile yalikwisha."

Baada ya hapo alinunua sokoni bukta ya kike kutoka nje kwa rupia elfu mbili na mia sita, akaifumua yote siku hiyohiyo. Aliona mishono imelazwa bapa, kitambaa kimekutana na kitambaa bila ziada yoyote. Aliona pia kwamba bukta yenyewe, pamoja na bei yake, isingemkaa Ravneet. Hapo ndipo alipomwambia msichana aje na baiskeli yake, aipande.

Sasa amemaliza kupima. Ravneet anashuka, anajinyoosha mgongo. Mezani kuna bukta ya majaribio iliyoshonwa juzi kwa makadirio, na Sharanjit, ambaye amekuwa akiitazama kwa jicho la pembeni, hatimaye anaichukua na kuigeuza.

"Kitambaa kilichobaki kiko wapi?"

"Hakuna kilichobaki."

"Hakuna vipi? Nilileta mita nzima."

"Kiko nje, dada. Kinaonekana. Hicho ulichokishika."

"Na akinenepa?"

"Nitamshonea nyingine."

"Na akiolewa?"

"Nitamshonea nyingine."

"Na akizaa?"

"Wiki hiyo hatashindana."

Ravneet amegeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama yake anaivuta bukta kwa mikono yote miwili, anaiachia, anaivuta tena. Inarudi mahali pake kila mara. Anairudisha mezani.

"Inabana," anasema.

"Inashika. Kubana ndiko kule kwa mwezi Machi."

"Watu watasema."

"Mwezi Machi hawakusema? Walisema hana nguvu. Bora waseme hili."

Sharanjit anatoa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa na kuwagawia wote, mwandishi pamoja, na hapa hiyo ndiyo njia ya kuikubali hoja bila kuikubali kwa mdomo.

Mwandishi alimtembelea Bwana Tarlochan Singh ofisini kwake, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Si mtu mbaya. Ameianzisha klabu kwa jasho lake, amewahi kulipia nauli za wasichana kutoka mfukoni mwake, na chai yake ina iliki ya kutosha. Haya yaandikwe, kwa sababu ni kweli.

Alipoulizwa kuhusu kipimo cha mpwa wake, hakuona swali liko wapi.

"Sare ni sare," alisema. "Tumewapa bure, dada yangu. Cha bure hakina saizi."

Kwa nini wasichana hawakupimwa?

"Nani awapime? Mimi? Unataka nichomewe nyumba?" Alicheka, akaongeza chai. "Halafu msichana hapimiki. Mvulana ukimpima leo, mwakani ni yuleyule, amerefuka tu. Msichana leo hivi, kesho vile. Utampima mara ngapi?"

Mara nyingi kadiri anavyobadilika, Bwana Katibu. Ndivyo viwanja vinavyofagiliwa kila siku na minyororo inavyotiwa mafuta kila wiki, na hakuna aliyewahi kusema viwanja havifagiliki wala minyororo haipakiki mafuta kwa kuwa vitachafuka tena. Mwandishi hakuyasema hayo pale. Alikuwa mgeni, alikuwa amekunywa chai ya watu. Anayasema hapa.

Jambo moja katibu alilisisitiza. Siku ya mchujo, kila mshindani wa klabu lazima avae sare yenye jina la klabu na mstari wake. Asiyevaa hapandi.

Malkit alipoletewa habari hiyo alichukua wembe, akafumua jina la klabu kutoka kwenye jezi ya zamani, akaufumua na ule mstari wa waridi, akavishona kwenye nguo mpya.

"Jina lao hilo hapo, na rangi yao hiyo hapo," alisema. "Mwili ni wa mwenyewe."

Jumapili ilikuwa na jua kali na upepo kidogo. Malkit alifunga duka na kwenda uwanjani na mfuko wake wa kazi, akisema mshono wowote ukifunguka ataufunga palepale. Sharanjit alikaa jukwaani akiwa ameupa uwanja mgongo. Alisema jua linamuumiza macho. Jua lilikuwa upande wa pili.

Ravneet hakuvuta jezi. Hilo ndilo Malkit alilolitazama tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakujali nani yuko mbele. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, mgongo umefunikwa, miguu inazunguka bila kusita. Mzunguko wa mwisho, wajomba walisimama. Sharanjit akasikia kelele, akageuka, na tangu hapo jua halikumuumiza tena.

Alimaliza wa pili. Jina lake likasomwa kwa kipaza sauti pamoja na wengine wawili, na msimamizi wa hosteli akampa katibu fomu ya kumthibitisha, aitie saini na kuirudisha kabla ya Ijumaa.

Katibu alifurahi kweli. Aliikunja fomu, akaitia mfukoni, akatuma watu wakanunue ladu, zile tamutamu za duara za siku ya furaha. Alimlisha Ravneet ladu kwa mkono wake, akamlisha mama yake, nyingine zikagawiwa wote. Kisha akamtazama msichana, na mara hii akaiona bukta.

"Hii imekaa," alisema. "Nani kashona?"

Malkit akajitaja.

"Umefanya kazi, dada. Hii ndiyo tulikuwa tunaitafuta." Akamgeukia Ravneet. "Nenda ukaivue, mwanangu. Kesho inakwenda kiwandani, watashona ishirini hivihivi, kila msichana apate yake."

"Ishirini kwa mwili mmoja?" akauliza Malkit.

"Imeshashinda. Sasa haina aibu, nani atasema kitu? Ni kipimo cha mshindi."

Pembeni alikuwa amesimama Simrat, msichana wa klabu hiyohiyo, mwenye mapaja mapana na mwendo wa kasi unaojulikana mtaani kote. Hakushindana siku ile. Sare ya klabu haijawahi kumpita magotini; hufanya mazoezi na pajama ya kaka yake iliyokatwa, na kwa mchujo pajama hairuhusiwi. Alikuwa anakula ladu. Akaacha kutafuna.

Malkit anasema mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mfuko, umeushika mkasi. Wote wanaomjua wangeapa kwamba angeutoa. Hakuutoa.

"Fomu ilikuwa mfukoni mwake," alimwambia mwandishi baadaye. "Haijasainiwa. Ningemtukana, nani angelipia? Si mimi. Nilimeza. Tangu nizaliwe sijawahi kumeza kitu kichungu kama kile, na mdomo ulikuwa umejaa ladu yake."

Ravneet alikwenda kubadilisha nguo. Alirudi amevaa suti yake, mtandio kichwani, bukta mkononi. Katibu akanyoosha mkono kuipokea. Msichana akampita. Alikwenda kwa Malkit, akaingiza mkono kwenye mfuko wa fundi kana kwamba ni wa nyumbani kwao, akautoa mkasi ule mkubwa wa kukatia.

Aliikata bukta kuanzia kiunoni. Kitambaa kilikatika kwa urahisi, lakini sponji ni nene, na ilimbidi aikate kwa mkasi kidogokidogo. Ilichukua muda. Alipofika upande wa pili alikuwa na vipande viwili, akaviachia chini.

"Simrat si mimi, mjomba," alisema. Alikuwa anaangalia chini vilevile. "Apimwe mwenyewe."

Watu waliokuwepo walidhani mama yake atamzaba kofi. Sharanjit aliinuka, akashuka jukwaani, akaviokota vile vipande, akavipangusa vumbi na kuvikunja kama nguo nzima.

"Hizi ni nguo za binti yangu," akamwambia katibu. "Hazizunguki viwandani." Kisha akamshika Ravneet mkono, wakaenda zao.

Fomu haijasainiwa mpaka makala haya yanapokwenda mitamboni. Katibu anasema ana kazi nyingi wiki hii. Anasema pia kwamba nidhamu ni sehemu ya michezo.

Jana, kwenye jiko la gurdwara, nyumba yao ya ibada, wanawake walikuwa wamekaa mstari mmoja wakisukuma chapati, Sharanjit upande mmoja, Malkit upande wa pili. Mwandishi alipewa donge la unga asukume huku anauliza. Mama wa wasichana wa klabu karibu wote walikuwepo, na yule wa Simrat. Ilifahamika hapo kwamba kila mmoja amekuwa akimlaumu binti yake, huyu kwa unene, huyu kwa wembamba, huyu kwa ngozi, na kwamba sare zote ni kipimo cha mpwa wa katibu. Mmoja alisukuma chapati mpaka ikapasuka.

Mpango wao ni huu. Kesho, Alhamisi, watakwenda nyumbani kwa katibu, mama wote na mabinti wote, wakiwa na baiskeli zao, na Malkit atakuwa na futi. Watataka mambo mawili: fomu ya Ravneet isainiwe mbele yao, na kila msichana apimwe akiwa juu ya baiskeli yake, na mwanamke, kabla kiwanda hakijakata hata shati. Mpaka hapo hakuna msichana atakayepanda baiskeli kwa jina la klabu. Malkit amekwisha kuwaambia wateja wa harusi wasubiri, ingawa huu ndio mwezi wake mzuri.

Na kama katibu atakataa?

Sharanjit alisema wataketi mlangoni. Mama Simrat alisema wataketi mlangoni na watapika hapohapo. Malkit alimaliza kwanza chapati aliyokuwa nayo, akaitupa kwenye chuma.

"Nitamshonea bukta," alisema. "Kwa kipimo cha Ravneet, mshono bapa, kazi safi, bure kabisa. Aivae, apande baiskeli, azunguke uwanja mara moja tu mbele ya wajomba zake. Akishuka, ataiomba kalamu mwenyewe."